Ami, risiva hii niiuze au niibakishe?

Assalaam alaykum Ami,

Nakuandikia jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini kwangu limeshakuwa kubwa mpaka tunalala bila kuzungumza.

Nina risiva ya nyumbani, yaani mashine inayopokea sauti na kuendesha spika zote, ya filamu na muziki, chaneli 9, wati 125 kwa kila chaneli. Niliagiza Dubai kupitia kwa binamu yangu, kwa fedha za mchezo wa upatu tuliokuwa tukiucheza kazini. Mpaka inanifikia mkononi ilishanila zaidi ya shilingi milioni 7. Tunakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ya zamani. Ukumbi wetu una urefu wa mita 7, upana mita 3, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 3.5. Kuta ni za mawe na chokaa, sakafu imekaa juu ya boriti na juu yake pana vigae. Spika za mbele ni mbili ndefu za kusimama, za omu 4 (omu ndicho kipimo cha ukinzani wa umeme), nilizinunua zimeshatumika. Nina spika moja ya katikati, mbili za nyuma, na sabufa, yaani spika ya besi, ya inchi 12 ambayo nimeitia kwenye kona, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Risiva yenyewe imo ndani ya kabati la mbao chini ya TV.

Kwa filamu sina neno. Muziki ndio ulionivunja moyo. Baba yangu huja kila Ijumaa baada ya swala, tunakula pamoja, kisha hutaka taarab ya zamani. Nimemhamishia kanda zake zote kwenye kompyuta. Nikizipiga kwenye risiva, besi linafunika kila kitu, kanuni na fidla zinakata masikio, na mwimbaji unamsikia kama yumo ndani ya pipa. Nilisoma kwamba kitufe cha “Pure Direct” ndicho kinachotoa sauti safi kuliko zote. Nikakibonyeza, ikawa mbaya zaidi. Ijumaa moja baba akasema, “Mwanangu, zima hilo, niwekee redio yangu.” Redio yake ni ya kaseti, ina spika mbili ndogo. Na kweli Ami, humo maneno yanasikika.

La pili, inajizima. Nikipandisha sauti kwenye filamu ya mapigano, kiasi cha nusu saa hivi inakata, taa nyekundu inametameta. Nikiwasha inakaa kidogo, kisha inakata tena.

La tatu ni jirani wetu wa chini, mama mtu mzima ambaye namjua tangu nikiwa mdogo. Hajanigombeza hata siku moja. Alipanda ngazi akamwambia mke wangu, kwa upole, kwamba usiku vikombe vyake vinatetemeka kabatini. Tangu hapo nikikutana naye mlangoni naona haya.

Na la nne ni mke wangu. Paa linavuja upande wa chumba cha watoto. Juzi aliniambia, “Tuna kitu cha mamilioni kinachojizima chenyewe, kinachomkimbiza baba, kinachomtetemesha jirani, na watoto wanalala na ndoo katikati ya chumba.” Nilikosa jibu.

Yuko mtu wa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, mwenye banda la kuonyesha mpira, ananipa milioni 3.5 kwa risiva peke yake, na anataka jibu kabla ya Ramadhani. Rafiki yangu ananihimiza niuze, halafu ninunue amplifaya ya kawaida ya chaneli mbili, kwa sababu anasema risiva ni za filamu, si za muziki. Nafsi yangu inakataa. Nimeitamani mashine kama hii kwa miaka. Lakini sitaki kuwa mtu anayependa chombo kuliko watu wake. Nifanye nini?

Msikilizaji, Mji Mkongwe

*

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu.

Kabla ya yote, ondoa hiyo hofu ya mwisho. Mtu anayependa chombo kuliko watu wake haoni haya mbele ya jirani, wala hahamishi kanda za baba yake moja moja mpaka zikaisha. Unawapenda watu wako na unaupenda muziki. Kinachokuchosha ni kwamba mambo manne yamekujia kwa wakati mmoja, na kwa kuwa yote yamekutana ukumbini, umeyapa jina moja: risiva.

Mimi nikiisoma barua yako nayaona mbalimbali. Taarab kusikika vibaya ni jambo la chumba zaidi kuliko la mashine. Kujizima kunatokana na waya, joto, umeme au mzigo wa spika, na kila kimoja kina namna ya kukipima. Vikombe vya jirani ni sabufa na boriti. Na paa linavuja kwa sababu ni bovu, lingevuja hata kama hukununua kitu. Ukiuza leo, huenda moja likaondoka na matatu yakabaki, au yakaondoka mawili na likaingia jipya. Ndiyo maana nakuomba tuyafungue moja moja kwanza.

Chumba. Waliojenga nyumba zetu walipima vyumba kwa boriti. Mti wa mkoko ukiwa mrefu sana haubebi dari la mawe na chokaa, kwa hiyo kumbi zikawa ndefu na nyembamba, upana wake kiasi cha mita 3. Ni chumba kizuri kwa hewa na kwa wageni, lakini kwa sauti nzito kina tabia yake. Sauti nzito hugonga ukuta ikarudi, na yako masafa ambayo yakirudi hukutana na yanayokwenda, yakavimba. Kuyajua ni rahisi: gawa 172, ambayo ni nusu ya mwendo wa sauti hewani kwa sekunde, kwa mita za chumba. Upana wako wa mita 3 unatoa kiasi cha hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Kimo cha mita 3.5 kinatoa 49. Urefu wa mita 7 unatoa karibu 25, na wimbi la pili la urefu huo ni 49 tena. Kimo na urefu vimeangukia pahala pamoja, na upana uko jirani yao.

Sasa lichukue besi la taarab, lile kubwa la kusimama. Uzi wake wa A ukipigwa mtupu ni hezi 55. Noti ya G iliyo chini kidogo ya hapo ni hezi 49. Kila mpigaji akipita kwenye noti hizo, chumba chako kinapiga pamoja naye, na kinaendelea kupiga baada ya yeye kuacha. Hilo ndilo pipa ulilolisikia. Redio ya baba yako haina pipa kwa sababu spika zake ndogo haziwezi kushuka mpaka huko, basi chumba hakiamki. Baba anachokimbia ni ule mvumo, na masikio yake yako sawa kabisa. Kwa hiyo ile kauli ya rafiki yako kwamba risiva si za muziki, ningependa uiweke pembeni kwa muda. Amplifaya ya chaneli mbili ukiifunga kwenye spika zile zile, ndani ya chumba kile kile, utalikuta pipa linakusubiri.

Na kona ndiyo pahala pabaya zaidi kwa sabufa katika chumba cha namna hii, maana inaamsha mawimbi ya pande zote tatu kwa pamoja. Itoe. Fanya hivi: ivute sabufa mpaka unapokaa kusikiliza, iweke hapo hapo, kwenye kochi ikiwezekana. Piga wimbo wenye besi linalopanda na kushuka noti nyingi, kwa sauti ya wastani. Kisha wewe ndiye utembee kando ya kuta, kichwa ukiwa umekishusha karibu na sakafu, usikilize. Patakuwa na sehemu noti moja inanguruma na nyingine zinapotea, na patakuwa na sehemu ambapo noti zote zinatoka karibu sawa. Hapo penye usawa ndipo sabufa ikae. Mara nyingi ni mahali kwenye ukuta mrefu, mbali na kona. Kochi nalo lisiegemee ukuta wa nyuma, maana ukutani besi hujaa, wala lisikae katikati kabisa ya urefu. Mita 2.5 hivi kutoka ukuta wa nyuma ni mwanzo mzuri.

Ukali wa kanuni na fidla una sababu nyingine: vigae chini, chokaa ubavuni. Simama katikati ya ukumbi upige kofi moja. Ukisikia mlio wa kurudiarudia baada ya kofi, ndio huo. Zulia nene kati ya spika na kochi, mapazia mazito, kabati la vitabu lililojaa, hata mikeka ya ukili miwili mitatu ukutani, vinapunguza sana. Havitasaidia besi, usivitarajie huko, lakini sauti ya mwimbaji itakaa.

Ukishamaliza kupanga, ndipo ipime upya risiva kwa ile maikrofoni iliyokuja nayo. Denon na Marantz hutumia Audyssey, Yamaha ina YPAO. Kazi ni moja: mashine inatoa milio, inajisikiliza, inarekebisha. Wengi hukosea hapa kwa sababu wanaishika maikrofoni mkononi au kuilaza kwenye mto wa kochi. Itie kwenye kigoda cha kamera cha miguu mitatu, ncha ikitazama juu, kimo cha masikio yako ukiwa umekaa. Kipimo cha kwanza ni pale pale kinapokaa kichwa chako, kwa sababu ndicho kinachoweka umbali na nguvu za spika. Vingine zungushia, usivuke nusu mita au zaidi kidogo. Mfumo mkubwa wa Audyssey unaruhusu vipimo 8, vitumie vyote. Zima feni na kiyoyozi, funga madirisha, chagua saa za asubuhi ambazo mtaa umetulia na hapana adhana karibu. Ikikutaka urekebishe kitufe cha nguvu nyuma ya sabufa, pandisha au shusha mpaka isome desibeli 75.

Ikimaliza, usiiamini kila kitu. Ingia kwenye menyu ya spika. Kwa spika ndefu kama zako inaweza kuandika “Large”. Badilisha iwe “Small” na krosova, yaani mpaka wa kugawa masafa, uweke hezi 80, ili sauti za chini ya hapo zibebwe na sabufa yenye amplifaya yake mwenyewe. Kumbuka hili, tutalirudia kwenye kujizima.

Na kuhusu “Pure Direct”: kitufe hicho huzima marekebisho ya chumba. Kwa mwenye chumba kilichotulia, kina maana. Kwako wewe kinaondoa dawa na kuuacha ugonjwa. Kwa taarab tumia “Stereo” ya kawaida, marekebisho yakiwa yamewaka. Usitumie zile hali zinazotawanya muziki kwenye spika zote. Rikodi za mwanzo za Siti binti Saad, zilizofanywa Bombay mwaka 1928, zina chaneli moja tu na masafa yake ni finyu. Nyimbo za namna hiyo zinataka spika mbili zilizo sawa, mwimbaji asimame katikati yake. Kama risiva yako ina “Dynamic EQ”, ujue inaongeza besi na kunyanyua spika za nyuma kila ukishusha sauti. Kwa filamu inafaa. Kwa muziki izime, au iwekee punguzo la desibeli 10 au 15 kwenye menyu hiyo hiyo.

Kujizima. Hili usilichezee. Taa nyekundu inayometameta ni risiva inayojikinga, na kuiwasha tena na tena bila kujua sababu ndiko kunakoua zile transista za kutolea sauti. Chomoa plagi ukutani, iache ipoe. Kisha angalia nyuma, kila mwisho wa waya wa spika. Uzi mmoja mwembamba wa shaba uliotoka nje ukagusa nguzo ya pili unatosha kuleta yote haya. Na hewa yetu ya bahari inageuza shaba kijani: kata ile sehemu iliyooza, menya sentimita moja, sokota vizuri, kaza upya, au tia plagi za ndizi.

Baada ya hapo toa spika zote, washa risiva peke yake, uiache saa nzima. Ikijizima bila spika yoyote, ubovu umo ndani na ni kazi ya fundi mwenye mita, usiendelee. Ikikaa, rudisha spika moja moja, kila moja uipe muda. Itakayoizima umeshaijua, ama spika ama waya wake.

Ikiwa zote zinapita na inazima tu sauti ikiwa juu, basi nashuku vitu viwili vinavyosaidiana. Kimoja ni spika za omu 4 zikiwa kwenye “Large”: zinavuta mkondo mkubwa zaidi kuliko za omu 8, tena kwenye besi la filamu ambalo ndilo zito kuliko yote. Kubadilisha kuwa “Small” hezi 80 kunaipunguzia risiva sehemu kubwa ya mzigo huo. Kingine ni kabati. Umesema imo ndani ya kabati la mbao, na nusu saa ndio muda ambao joto hujikusanya. Mashine hizi hutoa joto kwa juu. Itoe ikae wazi, juu yake ibaki angalau sentimita 20, ubavuni 10, na isiwekewe king'amuzi wala kitambaa cha kudariziwa, hata kiwe kizuri namna gani. Mjusi naye hupenda penye joto na huingia kwenye matundu, kwa hiyo pangusa na kukagua mara kwa mara.

Umeme upime kwenye soketi risiva ikiwa inafanya kazi, usiku watu wote wakiwa wamewasha. Kwa kuwa mashine imefanya kazi mpaka sasa, bila shaka ni ya volti 230. Wasomaji wengine wanaoagiza wasome bamba la nyuma kabla ya kuchomeka, maana ya Marekani ni ya volti 120 na hapa huungua siku ya kwanza. Ukikuta volti zinashuka sana, tia stebilaiza, kifaa cha kutuliza volti, iliyo kubwa, ya nguvu ya VA 2000 au zaidi. Ndogo inainyima risiva mkondo na kuongeza tatizo. Umeme ukikatika, chomoa, kwani hatari iko pale unaporudi kwa kishindo. Kile kifaa kinachofungwa kwenye friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kinafaa hapa pia. Walioishi giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima ikiwa kwenye majenereta, wanajua volti za jenereta ndogo zinavyopanda na kushuka. Risiva usiiwashe humo.

Jirani. Hapa sitaki kukupa matumaini ya bure. Kuta zetu za mawe ni nene na zinazuia maneno vizuri, lakini sakafu ya boriti hutikisika, na chini ya sakafu yako ndilo dari lake. Kuitoa sabufa kwenye kona na kuipima kutapunguza. Ubao mzito juu ya raba au sponji ngumu chini ya sabufa utapunguza kidogo kile kinachopita kwa kugusana. Lakini besi linalosafiri hewani likaitikisa sakafu halizuiliwi na raba. Risiva kubwa za Denon na Marantz zina hali iitwayo “LFC”, iliyotengenezwa khasa kupunguza masafa yanayopenya kuta. Tafuta kama yako inayo au ina inayofanana nayo, uiwashe kila baada ya Isha.

Kilichobaki ni cha watu, na nakiona muhimu zaidi. Shuka na mkeo mkamsalimie. Mwombe ruhusa ukae chumbani kwake dakika chache, kijana wako akiwa juu anapiga filamu ile ile kwa sauti ile ile. Usikie anachosikia yeye. Kisha muulize saa zake: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi kwa tahajudi, lini ana wageni. Mama wa heshima kama huyo alipanda ngazi akazungumzia vikombe. Inawezekana halali pia, na vikombe ndiyo lugha ya adabu aliyoichagua. Sijui. Ndiyo sababu aulizwe.

Kuuza, kubadilisha, kubaki. Ukiuza kwa mtu wa banda, utapata fedha mkononi na nafasi ukumbini. Lakini lazima umwambie kwamba inajizima, maana kuficha aibu ya bidhaa unajua hukumu yake, na ukishamwambia, ile milioni 3.5 haitabaki pale. Ukinyamaza, banda linawasha mashine mchana kutwa ndani ya vumbi na joto, itazima katikati ya mechi, na atarudi kwako mbele za watu. Kwa njia yoyote utakayochagua, basi, kuijua sababu ya kujizima kunakuja kwanza: ukiuza inakulinda bei na heshima, ukibaki inakulinda mashine.

Ukibadilisha kwa amplifaya ya chaneli mbili, taarab itakuwa na chombo chake, chepesi, kisicho na menyu. Chagua iliyoandikwa wazi kwamba inabeba omu 4, na yenye tundu la sabufa. Utapoteza spika ya katikati, ambayo ndiyo inayoyafanya mazungumzo ya filamu yasikike bila kupandisha sauti, na hilo linamgusa jirani. Na utapoteza marekebisho ya chumba, isipokuwa utafute moja kati ya zile chache za chaneli mbili zinazokuja nayo. Kwa chumba chako, hilo si dogo. Rafiki yako huenda ana ukumbi wa namna nyingine.

Ukibaki nayo, una njia za katikati ambazo hukuzitaja. Unaweza kuuza spika za nyuma, au hata sabufa, ukaishi na spika tatu za mbele kwa muda. Hapo ukumbuke kuzirudisha zile ndefu kwenye “Large”, na jirani huenda akawa wa kwanza kushukuru. Risiva nyingi za daraja hilo zina matundu ya “pre-out”, ya kupeleka sauti kwenye amplifaya nyingine, kwa hiyo siku za mbele, ukijaaliwa, unaweza kufunga amplifaya ya chaneli mbili iendeshe zile spika nzito za omu 4 na risiva ikapumzika. Hatari ya kubaki ni kwamba unaweza kuyafanya yote niliyoyaandika, mke akaona umetumia wiki nzima kwenye mashine na hata saa moja hukutumia kwenye paa.

Basi hapo nataka nikuulize kwa upole. Mkeo ametaja mambo manne kwa sentensi moja. Lipi kati yao linamuuma? Usimjibie. Kama ni ndoo chumbani kwa watoto, hatatulizwa na taarab nzuri, na ana haki. Je, mnajua paa litagharimu kiasi gani? Katika barua yako bei ya risiva ipo mara mbili, ya paa haipo hata mara moja. Mwite fundi apande, atazame kama ni bati moja na misumari au kama boriti zimeshaoza, akuandikie makadirio. Inawezekana ikatoka kwenye mshahara wa miezi miwili. Inawezekana ikazidi hiyo milioni 3.5 mara mbili, na kuuza kukawa kumekata kiu nusu. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, wewe na mkeo mtazungumza juu ya fedha, badala ya kuzungumza juu ya nani anampenda nani.

Na muulize pia kama anajua kuiwasha. Nyumba nyingi, chombo cha namna hii hugeuka cha mtu mmoja kwa sababu rimoti ina vitufe hamsini na mwenyewe peke yake ndiye anayevijua. Denon wana “Quick Select”, Marantz “Smart Select”: kitufe kimoja kinakumbuka chanzo, sauti na hali. Cha kwanza kiwe TV na taarifa ya habari. Cha pili taarab, “Stereo”, kiwango anachokipenda baba. Cha tatu filamu ya usiku, “LFC” imewaka, sauti chini. Mwachie achague nyimbo zake mwenyewe azitie hapo. Akiendelea kusema iuzwe baada ya kuitumia kama yake, maneno yake yatakuwa na uzito mwingine, na itabidi uyasikilize hivyo.

Mnunuzi hana haja ya kukuharakisha. Mwambie kweli kwamba mashine ina tatizo, unalitafuta, na jibu atalipata ukishalijua. Fundi wa paa mwite wiki hii, kabla ya kuigusa sabufa.

Ami